Kiboko Alivyoonja Pombe ya Jukwaani

"Atokeaye!"
"Atokee!"
"Na uongo wake?"
"Auache mlangoni!"
"Na utamu wake?"
"Aingie nao, akae katikati!"

Basi utamu umeshakaa, sogeeni. Na yule wa nyuma anayenong'ona, "Huyu kayatoa wapi?", nimjibu mapema: nilikuwapo. Nilikaa juu ya kichuguu kando ya uwanja, miguu ikining'inia, na macho yangu haya haya yakaona yote. Shule niliiacha darasa la tano, lakini macho hayakuacha.

Zamani wanyama walicheza mpira. Msicheke! Walicheza kuliko hawa wenu wa sasa wanaoanguka kabla ya kuguswa. Uwanja wao ulikuwa bonde zima. Ng'ambo hii walikaa Wana Milimani, wanyama wa mawe na majabali. Ng'ambo ile walikaa Wana Mtoni, wanyama wa matope na mafunjo. Siku ya mechi kubwa mashabiki walijaa mpaka nyasi zikakosa pa kusimama. Wakiruka kushangilia, ardhi ilijibu: ti! ti! ti! Vumbi likapanda, na likishapanda halishuki. Lilibaki huko juu linatazama mpira. Nimetembea, nimeona mengi, lakini vumbi lenye timu sijaliona tena.

Sasa sikieni desturi yao, maana hapo ndipo ilipo ngano. Refa alikuwapo, Korongo wa miguu mirefu, na kazi yake ilikuwa kupuliza filimbi, phiii! Lakini kukubali bao haikuwa kazi yake. Bao lilikubaliwa na aliyefungwa. Ndiyo! Mpira ukipita milingotini, uwanja wote ulinyamaza. Kisha kinara wa mashabiki wa timu iliyofungwa alisimama mbele ya macho yote, akameza mate, akasema neno moja: "Limeingia." Akishasema, limeingia. Halitoki hata kwa maji ya moto. Na bao la haki hakuna aliyelikana, kwa sababu mkana bao alizomewa yeye, wakazomewa wanawe, na wajukuu wakakosa wachumba.

Fikirini kimya kile! Midomo ile yote imefumbwa, na mmoja tu anasema kweli inayomuuma. Wallahi, nywele zilinisimama.

Kinara wa Mtoni alikuwa Kiboko. Huyo bwana akifungua kinywa, ndege walidhani kumekuwa na pango jipya. Alikula cha kwake, akala cha jirani, akauliza kama kuna kilichobaki. Kinara wa Milimani alikuwa Pimbi, kinyama cha mawe, hakimfikii paka, mkia hakina. Sauti, hata hivyo! Akipiga mluzi juu ya jabali, kiii-kii!, mlima wa pili uligeuka kuangalia nani anaita.

Mwaka ule mvua ilikataa. Mito ikawa njia za mchanga. Pakabaki chemchemi moja tu, jina lake Jicho, na kila aliyeliona alijua kwa nini: maji meusi, duara, yanakutazama. Wazee wakakata shauri kwamba timu itakayoshinda italinywa Jicho kiangazi chote, na itakayoshindwa itahamia kwenye maji ya magadi, nyuma ya jangwa. Na nyumbani kwa Pimbi mkewe alikuwa amejifungua mapacha. Ndimi zao zilikuwa zimeshikamana na makanwa, hata kulia hawakuweza. Walifungua midomo tu, kimya. Safari ya jangwani wale wasingeimaliza, na Pimbi alijua.

Kiboko naye alijua jambo moja: mlevi hukubali kila kitu. Akaitisha baraza.

"Ndugu zangu," akanguruma, "mashabiki wanakaa juani na koo kavu. Kwa nini pombe ipigwe marufuku jukwaani? Shabiki bila pombe ni ngoma bila ngozi! Iruhusiwe. Nami nitagawa bure, nikianza na rafiki yangu Pimbi."

Bibi Kanu, kikongwe wa Milimani mwenye mkia wa miraba, akasimama. "Bure ya Kiboko? Tangu lini mdomo huo ukatoa kitu? Pombe na mpira havilali kitanda kimoja. Atakunywa mmoja, watapigana kumi. Mimi nakataa!"

"Unakataa wewe, bibi, usiye na meno ya kutafuna hata maji!" Kiboko akamjibu, na Wana Mtoni wakaangua kicheko, kwa-kwa-kwa.

Pimbi akainua mkono. "Iruhusiwe," akasema.

Eee! Milimani wote wakashika vichwa. Bibi Kanu akamvuta sikio. "We Pimbi! Una wazimu? Tone moja la ile pombe litakulaza mpaka Ijumaa!"

"Bibi, niache." Kisha kwa Korongo: "Iruhusiwe, ila iruhusiwe na adabu zake zote. Pombe bila adabu ni mkojo."

"Adabu zote zije!" Kiboko akacheka. "Na shangazi zake zije!"

Korongo akapiga mguu chini. Limepita.

Siku ya siku ikafika. Ooo, laiti mngekuwapo! Sikuwahi kuona shingo nyingi namna ile zimegeukia mahali pamoja. Na kabla ya filimbi, ukaletwa mtungi. Nasema mtungi kwa kuwa sina neno jingine; watu wa zamani wangehamia ndani. Nyati wanne waliubeba. Pombe ya mtama na asali, povu linacheka juu, na harufu yake ilipopita nyuki walisahau njia ya kwao. Wakautua kwenye jukwaa la Milimani, mbele ya Pimbi, tii!

"Kunywa, kijana wangu," akasema Kiboko, sauti laini kama tope. "Kunywa yote."

Pimbi akainama kwa heshima. "Ahsante, Mzee. Lakini mgeni hanywi kabla mwenye pombe hajaonja. Ndiyo adabu, ili tujue hamna kitu ndani. Au kwenu Mtoni mmeiacha?"

Uwanja wote ukaitika: "Ndiyo adabu! Aonje!"

Kiboko akacheka. Kuonja tu! Akaingiza kinywa. Gubu! Gubu! Gubu! Akainuka, povu masharubuni.

"Haya, nimeonja."

Pimbi akachungulia mtungini. "Umeonja ya juu, Mzee. Na ya kati je?"

"Na ya kati je?" wakaitika Milimani.

Gubu! Gubu! Gubu!

"Umeonja ya kati, Mzee. Na ya chini je? Sumu hukaa chini."

"Na ya chini je?"

Gubu! Gubu! Gubu! Krrr, ulimi ukakwangua kitako cha mtungi.

Pimbi akachungulia tena, akaita humo ndani, "Hoo!", na mtungi ukamjibu, "Hoo!"

"Mzee, pombe yako ni salama. Ila sasa nitakunywa nini?"

Watu wakacheka mpaka majani yakapukutika. Kiboko akaona aibu, na aibu ya mnene hutaka ukarimu mkubwa zaidi. "Leteni mwingine!" Mkewe, Mama Vuguto, akamshika mkia. "Baba Vuguto, tosha! Hiyo si yako, ni ya Pimbi."

"Naonja tu, mke wangu! Naonja tu!"

Phiii! Mpira ukaanza huku mtungi wa pili unafika. Kenge wa Mtoni akachukua mpira, akamtambuka mmoja, akamtambuka wa pili, akapiga, pwaa! Kobe, mlinda lango wa Milimani, aliruka, lakini mnajua Kobe akiruka. Alipofika juu mpira ulikuwa wavuni zamani.

Kimya. Macho yote kwa Pimbi.

Nilimwona akisimama. Nilimwona akitazama kule Jicho linakong'aa. Nikasema moyoni, leo atakana. Nani angemlaumu, ana wale mapacha? Akasema, wazi, mpaka mwisho wa bonde: "Limeingia."

Hata Wana Mtoni hawakushangilia mara moja. Kwanza walivua kofia. Kisha ndipo, ti! ti! ti!

Kiboko kwa furaha akageukia mtungi wa pili. "Sasa utakunywa, Pimbi!"

"Nitakunywa, Mzee. Ukionja ya juu."

Gubu! Gubu! Gubu!

"Na ya kati je?"

Gubu! Gubu! Gubu!

"Na ya chini je?"

"Baba Vuguto!" Mama Vuguto akalia.

"Naonja tu!" Na tumbo lile, jamani, lilianza kuimba peke yake, blo-blo-blo. Mtungi wa tatu hakusubiri kuulizwa. Ya juu, ya kati, ya chini, akajiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe. Kisha akajikongoja hadi jukwaani kwake, akakaa, na jukwaa likasema "Mama!"

Kipindi cha pili. Mbuzimawe, mshambuliaji wa Milimani, mwenye kwato kama ncha za kalamu, akapiga shuti. Ah! Mpira ukapaa juu ya lango, ukapita milingoti kwa kimo cha mtende, ukaangukia mafunjoni, chubwi! Mbuzimawe akashika kichwa. Milimani wakalia. Pakawa kimya.

Na ndani ya kimya kile Kiboko akasimama, akiyumba kama mgomba, akanyoosha mkono.

"Limeingia!"

"Limeingia wapi?" akafoka Mamba, mlinda lango wake.

"Hapo! Kwenye lango la pili!"

"Lango la pili lipi? Lango ni moja!"

"Usinidanganye, Mamba! Malango mawili nayaona, na wewe mko wawili, na wote wawili mmefungwa!"

Korongo akatazama huku, akatazama kule. Alikuwa ndege wa haki, na haki ilikuwa imemkaa kooni. Lakini neno limetoka kwa aliyefungwa. Phiii! Moja kwa moja.

Mpira ukawekwa katikati, haujaguswa, Mbuzimawe bado anafunga kwato.

"Limeingia!" akanguruma Kiboko.

"Baba Vuguto, mpira haujaanza!"

"Umeanza moyoni, mke wangu! Nimeuona ukiingia! Limeingia!"

Phiii! Mbili kwa moja. Wana Mtoni wakaanza kurushiana matope wao kwa wao. Kenge akajaribu kumziba kinywa kinara wake, lakini kinywa kile ungekiziba kwa nini, kwa mlima?

Na la tatu ndilo lililonipigisha magoti. Jua lilikuwa linashuka. Lilishuka jekundu, duara, kubwa kuliko siku zote, moja kwa moja nyuma ya lango la Mtoni. Likashuka polepole, likapita chini ya mwamba wa lango, katikati kabisa ya milingoti miwili, na Mamba amesimama mbele yake mweusi kama mkaa. Wachezaji waliacha kukimbia. Mashabiki, wale wazima na wale waliolamba mitungi, wote walisimama, Milimani na Mtoni, na hakuna aliyepumua. Kiboko machozi yakamtoka. Akasema taratibu, kama anayeomba dua:

"Limeingia."

Mamba akageuka akatazama jua lile wavuni mwake, na, nawaambia, hata yeye hakubisha.

Phiii! Tatu kwa moja. Mechi imekwisha.

Pimbi hakungoja kubebwa mabegani. Alishuka mbio hadi Jicho, akakunja jani, akachota, akapanda majabali maji yakimtiririka kwapani. Akawatia mapacha tone moja moja. Kwanza hawakumeza. Kisha mmoja akatoa sauti, nyembamba kama sindano: kiii. Na wa pili akajibu: kii. Na kule uwanjani, kelele zote zile, Milimani wakanyamaza wakasikiliza. Sauti ndogo namna ile sikujua inaweza kujaza bonde.

Kiboko aliamka kesho yake, kichwa kinagonga ndu! ndu! "Nani kashinda?" akauliza.

"Wewe, Baba Vuguto," akajibu mkewe akifunga mizigo ya safari ya magadi. "Mitungi mitatu kwa bila."

Tangu hapo, ukipita mtoni, utamwona Kiboko anafungua kinywa waa! mpaka mwisho, anakaa nacho wazi, anakifunga, anakifungua tena. Wasomi husema anapiga miayo. Anasubiri neno lake lirudi.

Sasa funzo, maana ngano bila funzo ni kitoweo bila chumvi. Kila msimu wakubwa wanakaa kubishana: mashabiki wa mpira waruhusiwe pombe jukwaani, wasiruhusiwe? Wanajisumbua. Ngano imeshajibu: waruhusiwe, tena bila kipimo! Pombe haina madhara yoyote uwanjani, mradi anayeinywa ni wa timu ile nyingine. Na nyinyi vijana, mkipewa kinywaji na adui msikatae, ni utovu wa adabu. Na Bibi Kanu, aliyesema kweli tangu mwanzo, tusimsikilize kamwe, hana meno.

Ngano yangu imefika ukingoni. Aliyeshiba alambe vidole, asiyeshiba akajipikie.

Ila, kwa kuwa Pimbi alisema kweli mbele za watu, nami sipendi kushindwa na kinyama kisicho na mkia. Neno moja nimelitia mwenyewe. Malango ya uwanja ule yanatazamana kaskazini na kusini, na jua jioni ile lilizama pembeni, mahali pake pa siku zote. Lile goli la tatu nimelifunga mimi, hapa hapa, kwa mdomo. Nanyi mlikuwa mmenyamaza.