Avukaye Mto Hutazama Mlima

Mnauliza kwa nini watu husema, "Avukaye mto hutazama mlima." Wajukuu zangu, neno hili lilizaliwa hapa hapa mtoni kwetu.

Mto wetu ni mfupi. Huanza mlimani kwenye ukungu, hushuka mawe kwa mawe, na kabla haujachoka umekwisha kumwagika baharini. Ukisimama pale mto unapoishia, miguu kwenye chumvi, unakiona kilele ulikoanzia.

Asubuhi moja wanawake walikuwa wakifukua makumbi ya nazi waliyoyafukia yaoze kwenye fungu la matope katikati ya mto, wapate usumba, zile nyuzi za kusukia kamba. Jua liliwaka. Maji yalikuwa yamekupwa, na watu wa pwani waliupima mto kwa bahari tu: maji yakikupwa, hofu hakuna.

Pamoja nao alikuwa Hoza, binti wa mlimani aliyeolewa na mwana wa Bi Mwanakombo. Alikuwa mkimya, na kila mara aliinua uso kuutazama mlima.

"Tazama vizuri, wifi," Mize, dada wa mumewe, alimtania, "labda mama yako anakupungia mkono."

Wote wakacheka, isipokuwa Bi Mwanakombo.

Mara Hoza akaliangusha kumbi. Kilele hakikuonekana; wingu jeusi lilikuwa limekimeza.

"Mama, tutoke," akamwambia mkwewe.

"Tuyaache makumbi yetu?"

"Kule juu inanyesha. Mto huu hauna pa kuchelewea."

"Jua lote hili?" akauliza Mize.

Hoza alimshika mkwewe mkono, akamvuta hadi ukingoni. Wengine wakafuata wakinung'unika.

Miguu yao haijakauka, ardhi ikanguruma. Mto ukaja umesimama kama ukuta, mwekundu, umebeba miti na mizizi yake, mawe yakigongana ndani. Fungu likatoweka. Maji yakaingia baharini, yakaisukuma bahari nyuma, na wekundu ukaenea hadi kwenye miamba. Juu yao jua lilikuwa lile lile. Mize alikaa chini.

Bi Mwanakombo alikuwa bado ameshikwa mkono.

"Mwanangu," akasema polepole, "kila ulipoutazama mlima nilidhani utaniacha. Ndiyo maana nimekuwa mkali kwako."

Hoza akainamisha uso.

"Sikuwa natamani kwetu, mama. Nilikuwa nawalinda ninyi. Avukaye mto hutazama mlima."