Mafuta ya Uso wa Siwema

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Mmeitikia kama watu walioshindwa na uji. Paukwa!"

"Pakawaaa!"

Haya. Na wewe hapo nyuma, toa vidole usoni. Nimekuona. Unaitumbua chunusi ya pua, nami ndiyo kwanza naanza kisa cha chunusi ya pua. Sikiliza wewe kuliko wote, usije ukasema hukuambiwa.

Hapo kale, kale ambayo hata bibi yangu aliisimuliwa tu, palikuwa na kijiji. Mvua ilikataa. Mwaka wa kwanza ikakataa, mwaka wa pili ikakataa. Mtama ukakauka, mbuzi wakakauka, na watu nao wakakauka. Mali iliyobaki ni moja tu, mtungi wa mafuta ya ufuta, mtungi wa kijiji kizima. Mafuta yale ni ya mtoto mchanga, ya mgonjwa na ya maiti. Mwenye afya haonji hata tone.

Mlinzi wa mtungi aliitwa Pazi. Mtungi ulikaa chumbani kwake, umefukiwa nusu ardhini, na mila ilisema hauinuliwi mpaka mavuno mapya. Pazi alijivunia kazi ile. Akipita, watu wanampisha. Alikuwa na mke, na binti wa pekee, Siwema, aliyevunja ungo mwaka uleule.

Siku moja Pazi akafunua mtungi amchotee mtoto mchanga. Lo! Mafuta yameshuka shubiri nzima! Akatazama mlango. Akatazama dirisha. Hakuna palipovunjwa. Akaenda mwenyewe kwa Jumbe, mkuu wa kijiji.

Jumbe akapiga ngoma, ti-ti-ti, watu wakaja.

"Aliyekula mafuta hafichiki," Jumbe akasema. "Yatamtoka usoni. Tutazameni."

Watu wakatazamana. Nyuso zote kijivu, vumbi na njaa. Uso mmoja tu unang'aa. Paji linang'aa, pua inang'aa, na mashavuni chunusi tele, nyekundu, zimetuna. Uso wa Siwema.

"Huyo!" akapiga kelele mtu mmoja. "Analala nyumba moja na mtungi!"

"Sikula," Siwema akasema. "Wallahi sikula."

Jumbe akamgeukia Pazi. "Ama ni yeye, ama ni wewe mlinzi. Nani mwingine?"

Pazi akanyamaza. Nasema akanyamaza, jamani. Baba mtu, ulimi anao, akanyamaza.

Hukumu ikatoka. Siku saba Siwema ale ugali mkavu. Siku saba asuguliwe uso kwa majivu na dodoki, mafuta ya wizi yamtoke. Siku ya saba ukikauka, amesamehewa. Ukiendelea kung'aa, atapelekwa ng'ambo ya kilima, kwenye fisi, arudi akiweza. Na msuguaji awe mlinzi wa mtungi.

Siku ya kwanza Pazi akachukua dodoki, akachukua majivu. Kwaru, kwaru, kwaru. Siwema akaimba, maana maumivu yakiimbwa hupungua kidogo:

*Baba sugua polepole,*
*Sikula mafuta ya mtungi.*
*Baba sugua polepole,*
*Uso ni huu huu mmoja.*

Asubuhi uso mkavu. Adhuhuri, haya, unang'aa tena.

Siku ya pili, kwaru, kwaru, kwaru. Asubuhi mkavu. Adhuhuri unang'aa.

"Kumbe amekula mengi!" watu wakasema mlangoni. Na Pazi, Mungu amsamehe, akaanza kuamini. Aliona ni afadhali kuamini. Siku ya tatu akasugua kwa nguvu zaidi, chunusi zikapasuka, damu na usaha vikachanganyika na majivu.

Siku hiyohiyo ya tatu akaja Bibi Mwavita. Huyu ndiye ninayetaka mumkumbuke. Alikuwa mfinyanzi, mzee, mgongo umepinda, mashavu yake yana vishimo vishimo.

"Shikamoo, Bibi," Pazi akasema.

"Sitaki shikamoo yako. Weka hilo dodoki chini."

Akamshika Siwema kidevu, akamgeuza kwenye mwanga. Akatazama pembeni mwa pua, palipochanika, akaguna.

"Pazi, nani kakwambia mafuta haya yametoka mtungini?"

"Bibi, mimi nafuta, yanarudi. Nafuta, yanarudi. Yanatoka wapi basi?"

"Kwake mwenyewe. Chini ya ngozi, kwenye shina la kila kinyweleo, kuna kijungu kidogo kuliko punje ya ulezi. Kinapika mafuta usiku na mchana, wala hakiombi ufuta wa mtu. Mafuta yanapanda na kinyweleo mpaka juu, yanailainisha ngozi isipasuke. Mtoto mdogo, kijungu kimesinzia. Akibalehe kinaamka, kinapika kupita kipimo. Mafuta yanakutana na ngozi iliyokufa, yanaganda, mdomo wa kijungu unaziba. Ndani kunajaa, kunavimba, kunatunga usaha. Hiyo ndiyo chunusi. Si wizi, si uchafu, wala hajalogwa mtu. Unaona mashavu yangu? Nilikuwa nazo. Mama yangu naye alikuwa na mkono mzito kama wako."

"Sasa nifanyeje?"

"Maji matupu, kwa kiganja, asubuhi na jioni. Kisha umwache. Wewe unafuta ya juu, kijungu kiko chini, hukifikii. Unachofika ni kuchana ngozi. Na kidonda cha karibu na pua, Pazi, si kidonda cha mchezo. Sumu yake hupanda kichwani."

Bibi Mwavita akasogea, akashusha sauti.

"Mtungi ule niliufinyanga mimi. Mwaka wa njaa, wanawake hawana nguvu ya kutafuta kuni. Niliuchoma kwa kuni chache, na nilijua haukuiva. Chungu kibichi huvuja kwa vitundu usivyoviona. Ningekuja kusema siku ile ya kwanza, nikaona haya. Sasa nimekuja. Niruhusu niuinue."

Hapo ndipo ilipokuwa njia, wasikilizaji wangu. Ilikuwa wazi, nyeupe. Pazi akafikiri: mtungi ukiwa unavuja, mlinzi alikuwa wapi? Watasema Pazi mzembe. Watasema Pazi ameacha mafuta ya maiti yanywewe na udongo, kisha akamsingizia mwanawe. Akaona aibu yake kubwa kuliko kidonda cha mtoto.

"Mila imekataza," akasema. "Mtungi hauinuliwi."

"Mila au wewe?"

"Mila, Bibi. Nenda salama."

Bibi Mwavita akaenda kwa Jumbe. Jumbe akamwambia, mlinzi ndiye mwenye mtungi, akikataa nimekataa. Akazunguka nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ikamwonyesha njia ya kutokea.

Siku ya nne, kwaru, kwaru, kwaru. Siwema akaimba mstari mmoja, wa pili ukamshinda.

Siku ya tano hakuimba. Pembeni mwa pua pamekuwa peusi. Jicho limefumba kwa uvimbe. Mwili moto. Anaongea na watu wasiokuwepo, anamwita nyanya yake aliyekufa zamani. Na paji la uso, juu ya vidonda vyote vile, bado linang'aa.

Dodoki likamwanguka Pazi mkononi. Akakimbia. Alikimbia mtu mzima, kichwa wazi, mbele za watu, mpaka kwa Bibi Mwavita.

"Bibi, inua mtungi. Inua hata uvunje. Niokolee mwanangu."

Bibi akaja. Akamkanda Siwema kwa maji moto yenye chumvi, akamgusa shingo, akafunua jicho.

"Sumu imeshafika kichwani," akasema. "Huko mkono wangu haufiki. Mama Siwema, mshike mwanao. Pazi, twende tukamsafishie jina angali hai."

Jumbe akaitwa, watu wakajaa mlangoni. Wanaume wanne wakauinua mtungi. Kitako kimelowa. Shimoni udongo ni mweusi, unateleza, Bibi akaufinya kiganjani na mafuta yakatoka, to, to, to.

Wakaubeba mtungi mpaka barazani kwa Jumbe, watu wote nyuma.

"Na uso wake je?" Jumbe akauliza, anatafuta pa kushika. "Mbona ulirudi kung'aa?"

Bibi Mwavita akatoa kigae cheusi, kilichosuguliwa kikalainika. "Jumbe, umekula nini leo?"

"Maji."

"Pitisha kidole pembeni mwa pua yako. Bonyeza hapa."

Jumbe akabonyeza. Bibi akanyunyiza maji. Maji yakalowesha kigae chote, pale penye alama ya kidole yakakimbia, yakajikunja matonematone.

"Mafuta," Bibi akasema. "Umeiba lini, Jumbe?"

Akampa mtu wa pili kigae. Mafuta. Akampa yule aliyepiga kelele "Huyo!" Mafuta. Kidogo, maana ni watu wazima na wamekonda, ila yapo. Wa mwisho akampa Pazi. Pazi akabonyeza, akaiona alama yake, akageuka akatoka mbio.

Alifika nyumbani akipiga kelele tangu uani. "Siwema! Si wewe, mwanangu! Wote wamejua si wewe!"

Mkewe alikuwa amekaa chini, kichwa cha mtoto mapajani. Alishamfumba lile jicho moja lililokuwa wazi.

Wanawake wakaja kuosha. Jumbe akaleta mafuta yaliyosalia, bakuli zima, kwa mkono wake mwenyewe, akalia mbele za watu. Pazi akalipokea bakuli. Akapiga magoti kando ya mkeka.

"Niachieni uso," akasema. "Niuoshe mimi, niupake mafuta. Mara hii polepole."

Mkewe akamshika mkono. Tangu waoane alimwita mume wangu, na tangu wazae alimwita Baba Siwema. Siku ile akamwita kwa jina lake.

"Pazi," akasema, "uso huu umeshauosha. Toka nje."

Akatoka. Akakaa kizingitini na majivu yake kwenye kucha, mpaka wakamaliza.

Ndiyo hivyo. Kijiji kile mpaka leo kijana akitokwa na chunusi humpa maji matupu na kumwacha, na wanasema, "Bibi Mwavita kakataza." Mvua ilikuja, ufuta ukaota, mtungi mpya ukachomwa kwa kuni za kutosha. Siwema hakuuona. Funzo langu ni hili, wala silipambi: mtu akiogopa aibu yake, hulipa mwanawe. Ukijua neno la kumwokoa mtu, liseme siku ya kwanza.

Hapa ndipo hadithi yangu ilipofia, nami siifufui. Nendeni mkalale.