Ngoma, Baragumu na Punda wa Sultani

Hapo zamani, katika nchi iliyogawanywa na mto, alitawala Sultani Zahoro, mtu wa makuu. Kila aendapo shambani, sauti ilikuwa lazima imsindikize: ngoma mpaka mtoni, maana haikuvushwa, ngozi yake isije ikalowa, na ng'ambo baragumu. Kimya kilikuwa na maana moja tu, kwamba Sultani amekufa.

Basi ikawa kila afikapo mtoni, ngoma hunyamaza, na kabla baragumu halijalia, wanawake wa soko la kando ya mto huangua kilio. Sultani, mzima wa afya, husikia akiombolezwa. Akaghadhibika, akamwambia mpiga baragumu, "Kimya kikirudi, utahama nchi!"

Mpiga baragumu huyo alikuwa shemeji ya fukara mmoja, Shekue, asiye na kanzu ya pili, ila ulimi wake pilipili. Shekue akaingiwa na uchungu, kwani dada yake na wanawe wangebaki na nani? Akaenda barazani.

"Nashika miguu, Maulana. Safari ijayo niachie mimi niiongoze. Wakilia tena, tufukuze sote."

"Vema. Ila sheria ya babu yangu usiiguse: baragumu lisilie ngoma ingali yalia. Ngoma ndiyo mkubwa, na mkubwa hakatizwi."

"Nitaifuata, Maulana, hata kwa punda."

Sultani hakuelewa, wala hakuuliza. Wakubwa huona haya kuuliza.

Siku ya safari wakafika mtoni, ngoma ikivuma. Hapo Sultani hushuka kutoka juu ya punda akaingia katika machela, avushwe. Wachukuzi wakasogea, Shekue akapaza sauti, "Simameni! Mkubwa hakatizwi. Machela isikaribie, punda angali naye!" Kisha akamchapa punda, punda akachomoka, na Sultani akaanguka matopeni, pwaa!

"Mwendawazimu! Machela ije kwanza, nikae, ndipo punda aondoke!"

"Kumbe cha pili hufika kabla cha kwanza hakijaondoka?"

"Hata mtoto ajua hilo!"

"Basi, Maulana, na sauti ni vivyo hivyo. Sheria ya babu yako hukuangusha hapa kila safari, kati ya ngoma na baragumu, ila leo ndiyo umelowa."

Sultani akamkazia macho, kisha akacheka mpaka kilemba kikamdondoka. Akaamuru, baragumu likalia ngoma ingali yavuma. Vikaenda pamoja kidogo, na ngoma ikajiondokea taratibu. Sokoni wanawake wakaendelea kubishania bei ya dagaa.

"Hakuna aliyelia?" akauliza Sultani, kama aliyenuna.

"Hata mmoja, Maulana."

Shemeji akabaki na mkewe na wanawe. Shekue naye akatunukiwa joho la Sultani, lile lile la matope, na amri ya kulifua mwenyewe.