Kisanduku cha Maji

Mtu mmoja alikuwa na kiwanja kando ya zahanati, akaamua kujenga hapo wodi ya kujifungulia, maana wanawake wa kata ile walikuwa wanazalia katika chumba cha zamani kinachovuja. Akaweka mafundi. Akaweka na karani, akampa kompyuta, akamwambia kila kazi iwe na kisanduku chake katika jedwali: msingi, kuta, paa, milango, maji. Kazi iliyo sawa kisanduku kiwe kijani, yenye shida kiwe chekundu, na siku vyote vikiwa kijani, wodi inafunguliwa.

Karani hakuwa mvivu. Kila Jumatatu aliwapigia mafundi simu, mmoja mmoja, na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu alianza na salamu.

"Habari za kazi, fundi?"

"Nzuri."

Akasikia nzuri, akashukuru, akakata, akapaka kijani. Lakini kwetu hata aliyefiwa huitika nzuri kwanza, kisha ndipo aseme lililomkuta, hilo kila mtu analijua, na karani alilijua pia. Ila visanduku vilikuwa vingi.

Ndaki, fundi wa maji, Jumatatu ya mwisho alisema, "Nzuri, ila pampu..." na simu ikawa imeshakatwa. Akangoja apigiwe tena. Hakupigiwa. Akajisemea kwamba wakubwa watakuwa wameshajua, akaenda kwenye kazi nyingine.

Mwenye wodi alikuwa akitazama jedwali barazani kwake, akinywa chai, na kutoka pale barazani hadi kwenye wodi ni hatua ambazo mtoto anaweza kuzihesabu. Akacheka. "Karani, hili si jedwali, hili shamba la mpunga!" Siku ileile akafungua wodi, akafunga chumba cha zamani, na mapipa ya maji yaliyokuwamo yakamwagwa.

Asubuhi ya pili akaja Kalunde, mimba yake ya kwanza, na khanga mbili mpya na beseni, na mama mkwe wake nyuma. Uchungu ulikuwa umeshakaza. Nesi akafungua bomba, bomba likakohoa hewa, akafungua la pili, hewa, na mama mkwe akachukua ndoo akakimbilia kisimani, kwenda na kurudi saa nzima, na mtoto hangoji saa nzima. Mikono iliyompokea haikuwa imenawa. Mtoto alilia vizuri. Mama yake akashikwa na homa, na siku ya sita wakamzika.

Baada ya matanga mwenye wodi akawaita karani na fundi, akataka kujua kwa nini aliambiwa maji ni sawa. Karani akasema fundi mwenyewe ndiye aliyesema. Ndaki akamtazama.

"Karani, wewe ulinisalimu, nikaitika. Kuniuliza, hujaniuliza mpaka leo."

Karani akafungua kompyuta, akakipaka kile kisanduku rangi nyekundu, na mwenye wodi akaitikia kwa kichwa kwamba sasa ni sawa.

Basi nauliza, na nyinyi mnaonyonyesha mjibu kwanza: kati ya aliyesalimu, aliyenyamaza na aliyetazama rangi, ni nani aliyemzika Kalunde?