Aliyepepea Polepole

Wapendwa, leo twende India kidogo. Nauli ni juu yangu.

Enzi zile Mwingereza bado anatawala, alikuwako huko mwalimu mmoja wa chuo kikuu, mtu wa shahada kubwa na miwani kubwa zaidi. Siku moja akauacha mshahara, akavua suti, akavaa nguo iliyofumwa kwa mkono, akapanda jukwaani kudai uhuru. Alipoongea, hata wauza karanga walisahau kuuza. Na neno lake lilikuwa moja: "Sisi sote ni ndugu. Hakuna wa juu, hakuna wa chini."

Mfumaji mmoja wa nguo alilisikia neno hilo, likamwingia. Akaacha mtambo wake wa kufumia, akamfuata. Wakaandamana pamoja, wakakamatwa pamoja, wakafungwa pingu moja, mkono wa huyu na mkono wa yule.

Sasa sikilizeni mambo ya gereza. Gereza lile lilikuwa na madaraja, kama gari moshi. Msomi alipewa daraja la kwanza: kitanda, meza, taa, na mfungwa wa daraja la tatu wa kumtumikia. Na daraja la tatu lenyewe? Sakafu ya saruji.

Mkuu wa gereza akasema, "Bwana Profesa, serikali inaheshimu shahada zako. Chumba chako ni kile pale."

Mwalimu akakitazama kitanda. Moyo ukamwambia, kataa. Kichwa kikajibu: ukilala chini ukaugua, nani atakiandika kitabu cha kuwafungua watu hawa? Hoja ya mjinga hutembea peku, jamani. Ya msomi huvaa viatu. Akaingia.

Kesho yake akaletewa mtumishi, pepeo la majani mkononi. Alikuwa mfumaji yule yule.

"Ni wewe?" mwalimu akauliza.

"Ni mimi, Mwalimu. Afadhali mimi kuliko mtu asiyekujua. Wewe andika."

Basi akaandika, na mfumaji akapepea. Sura ya haki ikaisha. Sura ya uhuru ikaisha. Mvua zikaingia, na mfumaji akaanza kukohoa.

"Mwalimu, huko kwetu daraja la tatu maji yanapita chini ya mlango, tunalala humo humo. Ungemwambia mkuu neno moja tu. Wewe anakusikiliza."

"Nitamwambia, ndugu yangu. Ngoja kwanza nimalize sura hii."

Sura gani, wapendwa? Sura ya udugu.

Akaimaliza, na kwa lugha tamu kwelikweli. Asubuhi pepeo likaja, limeshikwa na mtu mwingine.

"Yuko wapi yule wangu?"

"Amefariki alfajiri, bwana. Kifua."

Miaka ikapita. Bendera moja ikashuka, nyingine ikapanda. Mwalimu akawa mbunge, akawa waziri, na kitabu chake kikasomwa shuleni. Hata uzeeni, siku ya sherehe za uhuru, akaombwa aisome sura ya udugu mbele ya familia za waliofia magerezani. Akafungua ukurasa. Macho yakaona maandishi, masikio yakasikia kikohozi. Akainua macho. Viti vya mbele vilijaa wakubwa, na nyuma yao, chini kwenye nyasi, alimwona mjane wa mfumaji, aliyemjua tangu siku za maandamano. Akashuka jukwaani na mkongojo wake, taratibu, akaenda mpaka pale.

"Mama," akasema, "mumeo aliniomba neno moja kwa mkuu wa gereza, nami sikulisema. Nilikuwa naandika ukurasa huu."

"Najua ulikuwa unaandika, Mwalimu. Nilipokwenda kumwona aliniambia. Alisema anapepea polepole, karatasi zako zisiruke. Akasema ukikimaliza kitabu hicho, hakuna mtu atakayelala chini tena."

Yule mama akavitazama viti vya wakubwa. Akazitazama nyasi alizokalia. Kisha akauliza, bila hasira hata chembe:

"Kwani, Mwalimu, hujakimaliza?"

Wapendwa wangu! Nilidhani tumekwenda India, kumbe hatujatoka hapa. Sisi udugu tunauimba kwa sauti nne. Tunafanya semina ya upendo kutwa nzima, na akina mama waliotupikia chai hawajapata hata dakika ya kukaa kuusikia huo upendo. Mlinzi wetu pale getini tunamwombea kila Jumapili. Nani kati yetu anajua analala wapi mvua ikinyesha? Wema tunao, tena mwingi, lakini umekaa foleni nyuma ya sura tunayoimalizia kwanza. Na kuna mtu anatupepea, polepole, kwa kutuamini. Kifua chake hakitungoji.

Kanisa hili lina feni moja, na mmeielekeza huku mimbarani kwa mhubiri. Mzee wa zamu, simama, tafadhali. Igeuze itazame mabenchi ya nyuma.

Hapana, mzee wangu, usikae. Usingoje nimalize mahubiri.