Maji Yake, Majani Yangu

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo anaitikia huku anatafuna? Meza kwanza. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Kiangazi kilikuwa kikali mlimani, chemchemi ikanywea mpaka likabaki dimbwi la ukubwa wa karai. Humo ndimo walimokuwa viluwiluwi, watoto wa Mama Chura, hawajaota hata mguu mmoja. Akaja Nyati, tumbo hilooo!

"Toka! Naenda kula. Nikirudi nayanywa yote."

"Wanangu wamo humu, Mzee Nyati. Sitoki. Tugawane basi."

"Maji yote yangu!"

"Na majani?"

Nyati akacheka, hwa hwa hwa! "Hayo ya kwenye mawe? Hayamshibishi hata panzi! Chukua. Maji yangu, majani yako."

"Kima, umesikia?"

Kima, yule mmbeya wa juu mtini, akajibu, "Kwa masikio yote mawili!"

Nyati akaenda zake. Mama Chura akalia kidogo, akafuta uso, akaanza kazi. Mnaijua kuvumwani, yale majani mororo yanayofunika mawe penye unyevu? Akabandua ya kwenye mawe, chapa, chapa, akatumbukiza dimbwini. Akabandua ya kwenye magogo, chapa, chapa, akatumbukiza. Akabandua ya kwenye mizizi, chapa, chapa, mpaka akauleta ukoo mzima wa kuvumwani.

"Umechoka, mama," Kima akasema.

"Nimechoka. Sitoki."

Kuvumwani ikanywa maji, fyoo, fyoo, ikavimba. Dimbwi likawa godoro la kijani, viluwiluwi wamelala katikati, wamelowa vizuri.

Jioni Nyati huyooo! "Maji yangu yako wapi?"

"Yatafute. Ukiyaona, kunywa."

Nyati akavuta, mdomo ukajaa majani. Ptu! Ptu!

"Hee! Rudisha majani yangu!" Mama Chura akapaaza sauti.

"Nitayakanyaga yatoe maji!"

Mama Chura akaruka, akakaa katikati ya godoro, moyo unamdunda ndu ndu ndu. "Majani yangu hayakanyagwi. Kima, alisemaje?"

"Maji yake, majani yako! Mlima mzima unajua, nimeshawaambia!"

Nyati akainua guu kwa hasira. Lakini miguu mingine alikuwa ameisimamisha ukingoni, penye utelezi. Teleee! Bingiri bingiri, puu! Mpaka bondeni. Akaona haya kurudi, akajikokota hadi mtoni, mwendo wa siku nzima.

Siku ya tatu mvua ikanyesha. Viluwiluwi wakaota miguu, wakatoka wakiruka, hakupungua hata mmoja.

Sasa funzo. Watoto, msibishane na wakubwa. Mkiambiwa tokeni, tokeni mara moja, kama Mama Chura.

Mnacheka nini? Ngano yangu imekauka. Anayetaka zaidi aikamue mwenyewe.