Kwa Nini Dudumizi Huinama Anapotangaza Mvua

Lipo swali moja ambalo Bibi Nanzia, mwenye kisa hiki, hakulipatia jibu mpaka anazikwa: je, Dudumizi aliuficha ukweli kwa woga, au kwa huruma? Kila aliposimulia alifika hapo, akatikisa kichwa, akaendelea.

Zamani, katika milima ya Upare, ndege huyo hakukaa vichakani. Alikaa juu ya paa, kichwa wima, na alisema maneno kama watu. Watu walilima siku tano na kupumzika mbili, na jioni ya siku ya tano Dudumizi aliwatangazia siku hizo mbili zitakuwaje, kwa maana aliisikia mvua kifuani mwake kabla haijavuka mlima.

Siku za mapumziko hata maji yalipumzika. Ndiva, bwawa la mawe na udongo lililokuwa juu ya mashamba, ilizibwa kwa gogo na haikufunguliwa mpaka kazi zianze tena. Mtunzaji wa gogo hilo alikuwa Nakijwa, na nyumba yake ilikuwa ya kwanza chini ya ukuta.

Mwaka mmoja jua lilikithiri. Kuku walitembea midomo wazi, na mbuzi waliokufa hawakuoza, walikauka. Kijito kilitiririka kama mkojo wa mtoto, lakini Nakijwa alikinga kila tone, na baada ya majuma matatu ndiva ikajaa pomoni.

Jioni ya siku ya tano watu wakakusanyika. Mzee Senzota, baba mkwe wa Nakijwa na mkuu wa ndiva, akamtania ndege. "Haya, mdomo mkubwa! Mwaka jana ulitaja mvua ya mawe, na mawe yakatupiga. Ukiyataja tena tunakubanika na chumvi."

Watu wakacheka. Dudumizi naye akacheka, kidogo. Kisha akasema, "Jua. Jua, na upepo mwanana."

Nakijwa aliona manyoya ya kifua cha ndege yakitikisika. "Mbona unatetemeka, Dudumizi?"

"Joto, mama. Joto tu."

Siku ya kwanza lilikuwa joto ambalo hakuna aliyewahi kulijua. Nakundwa, binti wa Nakijwa, alikuwa ndani na kichanga cha siku nne, na mzazi hatoki nje kabla kitovu cha mtoto hakijadondoka. Mama yake alimpepea kwa jani la mgomba mpaka mkono ukafa ganzi. Siku ya pili majani yalisimama kama yamechorwa. Hata nzi walinyamaza. Alasiri, mbingu juu ya mlima ikageuka rangi ya ini bichi, na radi ikapiga.

Nakijwa akakimbilia ukutani. Kijito kilikuwa kikishuka chekundu, kimebeba miti mizima. Senzota alikuwa amefika kabla yake, amekaa juu ya gogo.

"Baba, nipishe nifungue."

"Leo ndiva imelala, mwanangu. Ikiamshwa siku yake ya kulala itatususa. Tutakula vumbi."

Mvua ikashuka pamoja na mawe yake. Nakijwa hakuwahi kumpaazia sauti baba mkwe wake, wala kumgusa mkono. Akatazama paa la nyumba yake kule chini. Ukuta ulikuwa ukitetemeka chini ya nyayo zake, sawasawa na kile kifua cha ndege. Akaelewa: ndege alijua.

Ndipo sauti ikatoka kichakani, alikokimbilia ndege. Dudumizi alitaka kusema, "Fungueni!" lakini lile neno la mvua alilolimeza lilikuwa limekwama kooni. Akainamisha kichwa mpaka mdomo ukagusa kifua, akalisukuma: du, du, du-du-du, likishuka kama maji yanayomiminwa kutoka kibuyu chenye shingo nyembamba.

Senzota akasikia. Uso ukamshuka.

"Ni mimi niliyemziba mdomo," akasema. Akainuka, na wawili hao wakalivuta gogo mpaka likang'oka.

Pembe moja ya ukuta iliporomoka, ikazoa ghala na mbuzi kumi na wawili. Nyumbani kwa Nakijwa maji yalifika magotini, na Nakundwa alikutwa amesimama kitandani, mtoto amemnyanyua juu ya kichwa. Wote wawili walikuwa hai.

Baraza lilikaa palepale matopeni. Wapo waliotaka shingo ya ndege. Senzota akakataa, na ikaamuliwa hivi: joto likibana na dudumizi akilia, gogo ling'olewe, iwe siku ya kazi au ya kulala, na asiombwe mtu ruhusa. Hakuna aliyemfukuza Dudumizi. Mwenyewe hakurudi tena juu ya paa, na tangu siku hiyo hujificha kichakani, na mvua kubwa inapokaribia huinamisha kichwa kama mtu anayelitapika neno.

Mwezi uliofuata, ukuta ukiwa umekwisha kujengwa upya, joto lilirudi. Siku ya mapumziko, jua la utosi, sauti ile ikasikika. Nakijwa alipofika ndivani akihema, alikuta maji yanateremka mashambani na gogo limelazwa majanini. Kando ya gogo alikaa Senzota, amelowa mpaka kiunoni, akiukodolea macho mlima.